Mtoto Mgonjwa na Saa ya Zamu



Toleo hili hatuanzi na mishahara, wala nyumba, wala viatu vya kazi ambavyo bado twavidai. Twaanza na jambo ambalo wengine watasema si la chama, ni la akina mama na daktari: mtoto mdogo akiamka mgonjwa, apelekwe nasari au akae nyumbani? Sisi twasema ni la chama kabisa. Kila alfajiri, toka Changamwe hata Malaba, yuko mfanya kazi aliyeinama kitandani, mkono wake juu ya kipaji cha mtoto na macho yake yakitazama saa. Mara nyingi anayeamua pale ni saa.

Wako wanaofikiri kwamba wazazi huwapeleka watoto wagonjwa nasari kwa ujinga. Hatukubali. Mama aliyekesha akimbeba mtoto toka saa sita ya usiku hahitaji mtu kumfundisha kwamba mtoto ni mgonjwa. Anachokosa ni siku. Kama ni kibarua, akikaa nyumbani hakuna ujira wa jioni. Kama ni mtu wa mshahara, kuna barua ya kujieleza. Basi anamfunga mtoto mgongoni na kwenda. Lakini upande wa pili nao ni kweli. Wako wanaomaliza siku zao za livu kwa ajili ya kamasi tu, na surua inapoingia nyumbani hawana hata siku moja iliyobaki. Siku zetu ni chache kama pesa za tarehe ishirini na tano, na mwenye pesa chache hana budi kujua ni kitu gani anunue na kitu gani aache. Kwa hiyo tutasema kwanza habari za ugonjwa wenyewe, halafu tutasema habari za kazi.

Nasari, hata ikiwa safi namna gani, ni mahali pa kuambukizana. Watoto wanakaa pamoja chumba kimoja, wanashika vikombe vya wenzao na kutia kila kitu kinywani. Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hata 8 kwa mwaka ni jambo la kawaida, na mwaka wake wa kwanza wa nasari huenda yakazidi. Mzazi akimweka nyumbani kila anapotoka kamasi, hatafanya kazi kabisa. Mwenye mafua mepesi au kikohozi kidogo, ambaye anacheza, anakula na hana homa, na aende. Wala kamasi zikigeuka kuwa za kijani usishtuke; hilo peke yake si dalili ya hatari, wala si sababu ya kwenda kununua dawa za kuua vijidudu dukani bila kuandikiwa.

Penye shaka, mzazi na ajiulize mambo haya. Je, mtoto anaweza kucheza na kula karibu kama siku zote? Je, mlezi wa nasari ataweza kumwangalia bila kuwaacha wengine? Je, ugonjwa alio nao utawaingia wenzake? Swali la pili ndilo linalosahauliwa. Wengi hufikiri habari ya kuambukiza tu. Lakini hata ugonjwa usioambukiza, kama mtoto analia bila kunyamaza na anataka kubebwa tangu asubuhi hata jioni, basi yule mama ana mikono miwili tu, na wale wengine waliobaki wanatambaa kuelekea jiko. Mtoto anayehitaji mtu wake mwenyewe siku nzima, mahali pake ni nyumbani.

Sasa homa. Katika hospitali zetu mtoto mwenye joto la digrii 37.5 au zaidi, akipimwa kwapani, huhesabiwa kuwa ana homa. Kununua kipima joto ni jambo jema, maana mkono wa baba aliyetoka katika baridi ya zamu ya usiku si kipimo cha kuaminiwa. Mwenye homa akae nyumbani mpaka imwache muda wa saa 24 bila kupewa dawa ya kuishusha. Wanaokaa Kisumu, Butere au pwani, na hata sisi wa Nairobi ambao mtoto amerudi juzi kumwamkia nyanya yake huko, tumpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni malaria. Malaria haimtoki mtoto ikamwingia mwenzake kwa kucheza pamoja. Kwa hiyo homa ikiisha na mtoto akipata nguvu na kula, arudi nasari. Lakini dawa yake ya siku 3, mara zote 6, imalizwe. Wengi huiacha siku ya pili wakimwona mtoto ameanza kuruka ruka, na chupa inawekwa juu ya kabati kumngojea mgonjwa mwingine.

Hapa twataka kusema wazi juu ya desturi moja iliyoenea katika mitaa yetu. Mtoto anaamka moto kama birika. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anapewa Panadol ya maji. Saa kumi na mbili na nusu homa imeshuka, mtoto anacheka, na mlezi anampokea kama mzima. Dawa ile hufanya kazi muda wa saa 4 hata 6. Basi ikifika saa tano, kabla ya chakula cha mchana, homa imerudi, mtoto amekwisha kunywa katika vikombe vya wenzake, na mzazi yuko Athi River au Longonot. Mlezi, kwa wema wake, akimwona ana moto humpa dawa ile ile kutoka chupa nyingine, asijue kwamba amekwisha kupewa. Dawa hiyo ikipita kipimo huharibu ini. Mtoto anapewa kwa kadiri ya uzito wake, na muda wa kungojea kati ya mara moja na nyingine umeandikwa juu ya chupa, usomwe. Kwa hiyo neno letu kwa wanachama ni hili: kama mtoto amepewa dawa ya kushusha homa asubuhi, basi siku ile hana ruhusa ya kwenda nasari. Na kama amepewa kwa sababu nyingine, kama maumivu ya meno yanayoota, mlezi aambiwe ni dawa gani na saa ngapi, tena iandikwe katika karatasi. Aspirini mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe ila kwa amri ya daktari.

Juu ya tumbo hatuna upole. Mtoto anayeharisha choo cha maji mara 3 au zaidi kwa siku, au anayetapika, asipelekwe, wala asirudi mpaka zipite siku 2 kamili tangu alipoharisha au kutapika mara ya mwisho. Najua wako watakaosema siku 2 ni nyingi, mtoto ameamka mzima. Lakini fikirini nasari zetu zilivyo. Maji yananunuliwa kwa jerikeni. Beseni ni moja. Mtu anayembadilisha mtoto nepi ndiye huyo huyo anayepika uji. Mahali kama hapo ugonjwa wa tumbo husafiri upesi kuliko gari la abiria, na katika muda wa juma moja utawakuta watoto wanane wa mtaa mmoja wanaharisha, na wazazi wanane hawapo kazini. Mgonjwa apewe maji ya pakiti ya ORS, yakichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hata 14 hata kama kuharisha kumekoma mapema. Aendelee kunyonya na kula. Kumnyima chakula ati tumbo lipumzike ni kumpunguzia nguvu. Ikionekana damu katika choo, au macho yamezama na mtoto amelegea, aende hospitali. Chanjo ya matone ya rota, ambayo ilianza kutolewa katika nchi yetu mwaka 2014, imepunguza sana ugonjwa mkali wa namna hii. Asiyempeleka mtoto wake kliniki kwa wakati anajinyima msaada wa bure.

Juu ya kupumua, sisi watu wa reli tuna bahati, maana saa ni chombo chetu cha kila siku. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hatoki kukimbia, inua shati lake utazame kifua, uhesabu pumzi dakika nzima. Usihesabu nusu dakika kisha ukazidisha. Pumzi za mtoto haziendi sawasawa kama injini. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40 au zaidi, anapumua upesi mno. Huyo si wa nasari, wala si wa kulala nyumbani. Ni wa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda ni nimonia, nayo ni mojawapo ya magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka 5. Ndivyo ilivyo pia kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi. Dalili hizi mbili hazihitaji cheti cha udaktari kuzijua. Fundi anayeweza kusikia gurudumu bovu kwa kuligonga nyundo anaweza kumhesabu mtoto wake pumzi. Na kikohozi kilichopita wiki 2, hata kama mtoto anacheza, kitazamwe na daktari asije kuwa na kifua kikuu, hasa ikiwa nyumbani yuko mtu mzima anayekohoa.

Ngozi na macho tutayapitia upesi. Surua huanza kwa homa, kikohozi na macho mekundu, kisha vipele huanza usoni na kushuka mwilini. Huambukiza siku 4 kabla ya vipele kuonekana na siku 4 baadaye, tena vijidudu vyake huweza kukaa katika hewa ya chumba muda wa saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Kwa hiyo mwenye surua asirudi mpaka siku 4 zipite tangu vipele kutoka, naye mlezi aambiwe mara moja, apate kuwaonya wazazi wa watoto wachanga. Chanjo yake ni miezi 9 na tena miezi 18, na ile ya pili ndiyo wengi huisahau kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea. Mwenye tetekuwanga akae mpaka vipele vyote vikauke na kufanya magaga. Kwa kawaida ni siku 5 au zaidi. Mwenye matubwitubwi akae siku 5 tangu mashavu yalipovimba. Upele wa kuwasha hauhitaji juma zima: mtoto akiisha kupakwa dawa mara ya kwanza aweza kurudi, lakini sharti nyumba nzima ipakwe pamoja, na baba naye, hata kama ati hajikuni. Macho mekundu yenye usaha yatazamwe na daktari kwanza. Watu wa Mombasa hawajasahau jinsi ugonjwa wa macho ulivyopita nyumba hadi nyumba mwanzoni mwa mwaka 2024. Chawa si sababu ya kumweka mtoto nyumbani.

Na yako mambo yasiyo na mashauri. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu anachopewa, au ameshikwa na degedege, au amelegea hata haamki vizuri: hapo usiulize habari za nasari wala za fomani. Nenda hospitali, barua ya kazini itaandikwa baadaye. Kadhalika mtoto wa chini ya miezi 2 akipata homa yoyote.

Hayo ndiyo mambo ya ugonjwa. Sasa tuje kwa watu.

Yule mama anayelea watoto wetu katika chumba chake ni mfanya kazi kama sisi, ingawa hana chama. Wengi wao hulipwa kwa siku. Mtoto asipofika, pesa hazifiki. Sasa utamlaumuje akimpokea mtoto mwenye homa, wakati akimkataa amekosa unga wa jioni? Twapendekeza kwa wanachama jambo ambalo halitapendwa na wote: siku mtoto anapokaa nyumbani kwa ugonjwa, mlezi apewe nusu ya pesa ya siku ile. Ni pesa kidogo. Lakini kwa pesa hiyo unanunua uhuru wake wa kuwakataa watoto wagonjwa wa wenzako, ambao kesho wangemwambukiza wako. Wazazi wa mtaa mmoja wakipatana hivyo, mlezi naye atakuwa na ujasiri wa kusema, "Baba, huyu rudi naye." Na akisema hivyo, asitukanwe. Tumesikia maneno mazito yakisemwa milangoni saa kumi na mbili asubuhi na wanaume ambao mbele ya mkubwa wao wa kazi hawainui sauti.

Mlezi aachiwe pia namba ya simu inayopokewa. Dereva akiwa njiani, au mtu wa pointi akiwa kazini, hawezi kushika simu, wala haifai ashike. Basi iwepo namba ya pili, ya jirani au ndugu, na huyo awe amekubali kwamba ataitwa.

Jambo jingine ambalo twaliona mara kwa mara, nalo latuumiza. Mtoto akiugua, baba anakwenda kazini, mama anakwenda kazini, na anayebaki ni binti wa miaka 9 au 10, ambaye angekuwa shuleni. Anaachiwa mgonjwa, chupa ya dawa ambayo hawezi kusoma maandishi yake, na jiko. Akipoteza siku 3 leo na 4 mwezi ujao, mwisho wa mwaka mwalimu anaandika kwamba ni mzito wa kufahamu. Ndugu zetu, gharama ya ugonjwa wa mtoto haikuondoka. Imehamishwa kwa yule asiyeweza kusema hapana. Tena yeye mwenyewe ni mtoto, hataweza kujua kwamba mdogo wake anapumua vibaya. Mgonjwa akae na mtu mzima.

Mtu mzima gani? Wengi wetu tukisikia neno hilo tunamtazama mama. Lakini baba aliyetoka zamu ya mchana jana na ambaye leo ana siku yake ya mapumziko aweza kumpa mtoto uji na maji ya ORS sawa na mtu mwingine yeyote. Wake zetu wengi nao ni wafanya kazi, wengine katika ofisi za tiketi, wengine sokoni, wengine katika nyumba za watu, na huko hawana chama cha kuwatetea. Ikiwa ni yeye peke yake anayekosa kazi kila mara, ndiye atakayefukuzwa kwanza, na nyumba itabaki na mshahara mmoja.

Sasa sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, fungu la 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Lakini ni ugonjwa wake mwenyewe. Fungu la 29 lampa mama miezi 3 akijifungua, na baba wiki 2. Fungu la 28 latoa siku 21 za kazi za livu kila mwaka. Yaani sheria inamjua mtoto wetu siku anapozaliwa, kisha inamsahau. Hakuna siku hata moja iliyotajwa humo kwa ajili ya mtoto aliyeshikwa na homa. Tena kutokuwapo kazini bila ruhusa au sababu ya haki ni jambo ambalo fungu la 44 linalihesabu kuwa laweza kumfukuzisha mtu papo hapo.

Matokeo yake kila fomani anayajua. Mtu mzima mwenye afya yake anapanga foleni hospitalini kusema kichwa chamgonga, kumbe anayeumwa ni mtoto wa miaka 2 aliyebaki nyumbani. Anatafuta cheti cha uwongo kwa kuwa ukweli hauna cheti. Na wengine wamezidisha: tunao wenzetu ambao nyanya yao amekufa mara tatu tangu Pasaka. Tajiri akiona hivyo anakuwa mgumu kwa wote, hata kwa yule ambaye mtoto wake kweli yuko katika maji ya mshipa. Twawaambia hao wenye nyanya wengi kwamba wanakula akiba ya watoto wa wenzao.

Vibarua wasikilize jambo moja. Kwa fungu la 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza angalau mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Wako wengi miongoni mwetu waliovuka muda huo zamani, na bado hukaa kama kwamba hawana haki yoyote. Wakumbuke tarehe yao ya kwanza, na waje ofisini kwetu waiandikishe.

Dai tunalolileta si geni duniani. Shirika la Kazi Ulimwenguni, katika Pendekezo lake namba 165 la mwaka 1981, lilisema kwamba mfanya kazi, mume kwa mke, mwenye mtoto anayemtegemea, yafaa aweze kupata ruhusa mtoto huyo akiugua. Pendekezo si sheria, hilo twalijua. Lakini linatosha kumjibu yule atakayesema kwamba tumeota.

Kwa wenye kazi tuna neno la pili, ambalo labda watalisikia zaidi kuliko neno la huruma. Gari la moshi halisamehe mtu mwenye usingizi. Dereva, gadi, mtu wa ishara, au fundi wa breki aliyekesha usiku kucha na mtoto anayetapika, kisha akaja saa kumi na moja alfajiri kwa kuogopa barua, ni hatari kwake, kwa wenzake wa genge walioko njiani, na kwa abiria wote walio nyuma yake. Mtu huyo akiweza kusema kweli bila kukatwa mshahara, atasema, na mwingine atawekwa mahali pake. Asipoweza, atanyamaza na kupanda. Siku moja ya ruhusa ni rahisi kuliko behewa moja kulala chini, bila kutaja roho za watu.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba Chama kitie katika mapatano yajayo siku 5 kwa mwaka za mtoto mgonjwa wa chini ya miaka 5, kwa mshahara kamili, mbali na livu ya mwaka na mbali na siku za ugonjwa za mfanya kazi mwenyewe. Baba azipate sawa na mama. Siku ya kwanza isidaiwe cheti, maana mtoto mwenye tetekuwanga hana haja ya kuketi katika foleni akiwaambukiza wengine ili baba yake apate karatasi. Kuanzia siku ya pili iletwe kadi ya kliniki yenye tarehe. Mbali na hayo, pawe na ruhusa ya kubadilishana zamu kwa hiari ya wafanya kazi wawili, ikiandikwa katika kitabu cha zamu na kutiwa sahihi na mkubwa wa stesheni au wa karakana, ili mtu asiseme baadaye kwamba hakuambiwa. Na sisi kwa upande wetu tukubali kwamba atakayeonekana amezitumia siku hizo kwa ulevi au kwa shamba, Chama hakitamtetea.

Wengine katika halmashauri wanaona siku 5 ni kidogo, wengine wanaogopa kwamba tukiomba hili tutanyimwa nyongeza ya nyumba. Hofu hiyo haitatulizwa kwa maneno bali kwa hesabu. Makatibu wa matawi wanaombwa kumwuliza kila mwanachama mwenye mtoto wa chini ya miaka 5, bila kuandika jina lake: mwaka uliopita alikosa kazi siku ngapi kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto, ngapi kati ya hizo zilikatwa mshahara, ngapi zilitolewa katika livu yake ya mwaka, na ngapi alikaa baba. Waulizwe pia ni mara ngapi mtoto mkubwa aliachishwa shule ili alee mgonjwa. Vibarua wahesabiwe mbali. Karatasi zifike ofisini kabla ya mkutano ujao wa halmashauri, na tawi lisilo na hesabu liseme kwamba halina, lisikisie.